Bilioni Moja na Saba

Shangazi Mbithe, karani mstaafu wa Marikiti,
miaka ishirini na sita ya viazi na vitunguu daftarini,
alinikuta mezani, Kaloleni, kando ya barabara ya Jogoo,
penseli mdomoni, darasa la saba.
"Namba *tasa*? Nani kaipa jina hilo?"
Nikamweleza: ndiyo isiyogawika
ila kwa moja, na kwa yenyewe.
Akanyamaza.
Neno hilo aliwahi kulisikia kwingine,
kikaoni, mahari ikidaiwa irudi.

Kesho yake akaleta leja tupu.
Akaandika bilioni moja, akatafuta nyongeza,
kama muuzaji anavyotupia kiazi juu ya debe lililojaa.
Nyongeza ya moja: ikavunjika kwa saba.
Ya tatu: ikafika ishirini na tatu, ikavunjika.
Ya tano, hata mtoto ajua.
Ya saba
ikakaa.

Alikuwa amekwisha kupepeta namba ndogo,
chenga huku, punje nzima huku,
hadi elfu thelathini na moja, mia sita na saba.
Hakuna haja kupita hapo, alisema:
kigawanyo kikubwa hakitembei peke yake,
mwenzake mdogo angekuwa amekwisha kubisha hodi.
Punje zilikuwa elfu tatu mia nne na moja.
Kumi kila usiku, baada ya taarifa ya habari.
Stima ikipotea, mshumaa.

Saba: baki sita.
Kumi na moja: baki sita.
Kumi na tatu: sita.
Kumi na saba: kumi na nne.
(Akacheka. "Huyu kakosana na wenzake.")
Kumi na tisa: sita tena.

Mimi niliazima simu ya jirani, nikauliza.
Jibu lilikuja kabla sijapepesa jicho.
Nikalifuta.
Nikaenda kumnunulia wino.

Mvua za masika zikapita, shule zikafungwa, zikafunguliwa.
Wifi yake alikuja kuomba unga,
akaona kurasa, akatikisa kichwa, akaondoka na unga.

Usiku wa mia tatu arobaini na moja
ilibaki hesabu moja tu.
Alioga kwanza.
Akagawa polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.
Baki: elfu kumi na saba, mia saba arobaini na moja.
Akapiga mistari miwili chini yake,
kama alivyofunga hesabu za mwezi.
"Haijapungukiwa kitu," akasema. "Nzima."

Nilitaka kumwambia yote niliyoyaona simuni:
kwamba bilioni moja na nane, jirani wa ukutani,
hugawika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa tisa,
nyumba isiyoisha wageni;
na kwamba nyuma ya nyumba hiyo, hatua moja tu,
yumo pacha.

Lakini tayari alikuwa amefunua ukurasa mpya
na kuandika bilioni moja na tisa.
"Huyu naye," akasema, "tumuulize."

Nikachonga penseli.