Sweta ya Ukungu

Alhamisi, kipindi cha mwisho. Mvua inapiga madirisha kwa ubavu,
kama ipigavyo hapa Klaksvík siku zote.
Nikachora mstari katikati ya ubao:
huku wema, huku waovu.
Wanafunzi kumi na wanne, riwaya tisa,
viwiko vikagombea kurasa.

Upande wa wema hawakukawia:
Sunneva, msichana wa mkasi wa fedha,
kondoo wake asemaye kwa mafumbo,
na yule baharia aliyekufa mara mbili
(hapo Bárður alicheka mpaka akapaliwa).
Upande wa pili, jina moja, kwa sauti moja:
Mfuma Ukungu,
jitu la kike likaalo kileleni
na sindano zake za mfupa wa nyangumi,
linafuma usiku, linafuma mchana,
hata mashua zisijue pa kutokea.

“Dhamira?” nikauliza.
“Ujasiri.” “Urafiki.” Nikaandika. Chaki ikakatika.

Rannvá hakunyosha mkono. Alisema tu,
macho yakiwa kitabuni:
“Mbona hakuna anayemuuliza
ile sweta ni ya nani?”

Miaka tisa naifundisha riwaya hii.
Insha zake nimezisahihisha hadi naziota.
Sikuwahi kuuliza.

“Ukurasa wa mia na kumi na mbili,” akasema.
“Anaupima mkono wa sweta kwa mkono wake,
halafu anafumua, anaufupisha.
Ni ya mtoto. Mtoto aliondoka na mashua
bila kitu cha kujifunika.”

Hapo hata mvua niliisikia upya.
Sote tunaijua nyumba yao, ile ya karibu na gati:
viatu vya kaka yake vingali mlangoni, namba arobaini na tatu,
tangu alipokwenda Denmark kusomea umeme
na simu zake zikawa fupi,
kisha zikawa za Krismasi.
Mama yao huvipaka rangi kila Jumapili.

“Sasa Sunneva akiukata uzi,”
Bárður akauliza, safari hii bila kucheka,
“anakata nini?”

Kengele ikaniokoa.
Nilishika dasta, nikaufuta ule mstari;
haukutoka wote. Majina yakabaki
yametawanyika kama kondoo waliovunja ua.

Mlangoni Rannvá akageuka, kitabu kifuani:
“Mwalimu, naweza kukaa nacho hadi Jumatatu?
Mama hajakisoma.”