Hadi Sitini

Baba huhesabu kwa sauti kavu kama chaki:
moja, mbili, tatu, hadi sitini,
na wavulana kumi na wawili wa Kaunas
wameketi sakafuni, miguu imenyooka,
vidole vya mikono vinavitafuta vya miguu.
Nje, mto Nemunas umeganda hadi katikati.
Ndani, hakuna anayethubutu kuguna kabla ya arobaini.

Miaka thelathini na minane anahesabu hivyo.
Asiyejinyoosha, husema kocha Vaidotas,
atachanika kama shati la kuazima.

Mimi ni bintiye, Skirmantė,
nalipwa mshahara kupima anachokiamini baba.
Jumatatu niliwaazima wavulana wake,
nikawapandisha mmoja mmoja kwenye bamba la chuma
linalojua kimo cha kila mruko.
Ruka. Pumzika.
Sasa jinyooshe kama kwa kocha, hadi sitini, mara tatu.
Ruka tena.

Sentimita moja na nusu imepotea. Kwa wengine mbili.
Gvidas hakupoteza kitu; Gvidas ni Gvidas.
Si maafa. Lakini mpira uliopita juu ya ukucha
umeshapita.

Nilimpelekea karatasi akinywa supu ya biti.
Aliisoma kama barua ya deni.
"Na kuumia?"
Nikamwambia: kifundo kikitaka kuteguka, kitateguka;
kinga ipo, ila ni ndogo kuliko tulivyoapa.
"Na yale maumivu ya kesho yake?"
Hayo, baba, huja tu,
kama mgeni aliyekwisha kukata tiketi.
Akasukuma bakuli.
Hatukuzungumza hadi Alhamisi.

Alhamisi nilifika bila kupiga hodi
nikamkuta kitandani, mzee wa miaka sabini na mmoja,
akivaa soksi kwa koleo la jikoni.

Koleo! Lile la kugeuzia viazi.
Kumbe mama ndiye aliyekuwa akimvisha,
kila asubuhi, na hakuna aliyetuambia.
Mama ana miezi saba kaburini.

Samaki mkunje angali mbichi, watu husema,
nami nilikaribia kuliamini hilo.
Lakini nilimwandikia wiki kumi na mbili:
kila jioni, kando ya kipasha-joto,
mguu juu ya kigoda, polepole, bila ushujaa.
Wiki ya kwanza vidole viliishia kwenye goti.
Ya tano, nusu ya muundi, na matusi mawili.
Ya kumi na mbili alishika kidole gumba cha mguu
akakaa nacho, kama aliyeokota sarafu.

Nikampaka jeli pajani, nikatazama kwa mashine.
Msuli ulikuwa karibu vilevile.
Baba, nikasema, nyama haikurefuka sana;
kilichosogea ni mpaka,
pale ubongo unapopiga kelele "basi!"

"Kwa hiyo nimejidanganya?"
Hapana. Umeruhusiwa.

Siku hizi wavulana hukimbia kwanza,
hurusha miguu kama malango yaliyofunguliwa na upepo,
kisha baba huhesabu, hadi kumi na tano tu;
muda mfupi hivyo haumwibii mtu mruko.
Arobaini na tano zilizobaki
huzimaliza kimyakimya. Naiona midomo yake.
Hilo sijalipima, wala sitaki.

Koleo limerudi kwenye droo.
Jana tuligeuzia viazi.