Kiti Namba Kumi na Saba

Kabla ya kipindi nafuta spika za masikio, jozi ishirini na nne,
kwa pamba na spiriti, kama nesi.
Mimi si mwalimu. Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu.
Kazi yangu ni nyaya, seva, na jenereta
siku umeme unaposhukia Uvinza
usifike huku mwisho wa reli.

Lakini meza yangu ina vitufe.
Nikibonya saba, namsikia wa kiti cha saba.
Nikibonya ishirini, namsikia wa ishirini
akimeza mate, akiiomba mashine radhi.
Midomo inacheza, chumba kimya.

Sauti ya programu ni ya mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa popote.
Anatamka. Wanarudia.
Kisha mstari unajichora kiooni, kijani, njano, nyekundu,
na asilimia pembeni,
kama bei ya kitu ambacho hukukusudia kukiuza.

Kiti namba kumi na saba ni cha Edina Ntahondi,
mwaka wa pili, wa Kibirizi,
viganja vimekaushwa na chumvi ya biashara ya mama yake.
Mashine inamdai herufi moja, ile r ya kooni,
ya mtu anayesukutua.
Yeye anaitoa kwenye ncha ya ulimi,
inagonga kama mvua ya kwanza juu ya bati.
Arobaini na moja. Rudia.
Thelathini na tisa. Rudia.
Arobaini na moja.
Madamu Gwasa anapita nyuma yake, anamgusa bega, hasemi kitu.

Alhamisi ile simu yake ilitetemeka katikati ya somo la nane,
Mgahawani: kuagiza supu ya vitunguu.
Mlangoni pamebandikwa: simu marufuku.
Nikanyoosha kidole nimwonye.
Kikatua kwenye kitufe.

Alikuwa ameshusha spika shingoni. Kinasa sauti kilikuwa hai.
Mtu wa ng'ambo ya ziwa, wa Kalemie,
mifuko sitini ya chumvi, miezi mitatu, visingizio.
Edina alizungumza Kifaransa.
Sijui maneno, lakini deni likidaiwa nalijua.
Kilianza kwa adabu, kikaulizia watoto,
kikabeba Kiswahili njiani kama abiria, kikakishusha,
kikapanda, kikanyamaza
(kunyamaza kule! sekunde sita, nilizihesabu kwenye mstari)
kisha kikatamka tarehe moja tu, polepole,
kama mtu anayeweka jiwe kwenye mzani.

Wenzake ishirini na watatu bado walikuwa wanaagiza supu.

Jioni, peke yangu, nikafanya utundu.
Nikailisha mashine ile rekodi.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Asilimia thelathini na nane.
Ushauri: zingatia matamshi, usichanganye lugha, jaribu tena.

Mtu wa Kalemie alituma hela yote Ijumaa, kabla ya adhuhuri.

Madamu Gwasa alisikiliza mara mbili,
mara ya tatu akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.
Halafu akavua spika.
"Ulimwomba ruhusa?"
Nikajifanya nakunja waya.

Jumatatu nikamwendea Edina, nikaungama habari ya kitufe.
Akanitazama, sekunde zilezile sita.
"Futa."
Nikafuta mbele yake.
Nikasema, ili nimpoze: achana na mashine hii, haijui kitu.
"Inajua," akasema, akivaa spika, akivuta kiti karibu na kioo.
"Nifungulie somo la r, lile la mwanzo kabisa.
Kuna mdaiwa mwingine. Mifuko mia. Huyo kahamia Ubelgiji,
na mara mbili amenikatia simu
akidai hanielewi."