Wanne Wameshikana

Eduvina ameitua ndoo mlangoni.
Kome weusi, wamefumba midomo kama mashahidi.
"Maji hayajageuka rangi," asema. "Tazama mwenyewe."
Nimetazama. Asubuhi hii bahari ya Chiloé
imetulia kama chai iliyosahauliwa,
na volkano ya ng'ambo inajiona humo, theluji na yote.

Lakini jicho na ukweli ni majirani tu,
hawalali chumba kimoja.

Wavu wangu ni soksi ya nailoni na pete ya waya;
Rosamel aliushona kwa sindano ya magunia.
Nimeuburuta kando ya gati, kwenda na kurudi, mara kumi.
Tone moja juu ya kioo.
Hadubini yangu haijui umeme: naielekeza dirishani,
naomba mwanga kwa mawingu,
nayo yananipimia kama muuza duka bahili.

Kwanza wapita njia: vijimea vya umbo la nyota, la kitana,
na kijidudu kimoja cha miguu mingi, kina haraka zake.
Kisha hao.
Wanne, bega kwa bega,
wanajizungusha wakienda,
kama shanga zilizochoka kungoja uzi.
Wazuri. Sifichi, wazuri.

Nahesabu. Mnyororo wa wanne, wa wawili, wa wanane.
Minyororo kumi na tisa katika tone,
na juzi sikuona hata mmoja.

Mwaka ule, kabla sijajifunza kutazama,
Belarmino alikula bakuli moja, akacheka
kwamba midomo yake imekuwa ya mtu mwingine.
Kabla ya alfajiri
kifua nacho kikawa cha mtu mwingine.

Kuchemsha hakuiondoi sumu. Ndimu haiiondoi,
wala saumu, wala mvinyo.
Nimeyasema haya shuleni, kanisani, kwenye foleni ya gesi.
Eduvina anayajua.
Ana watoto watatu na deni la unga.

Namvutia kiti.
Anafumba jicho, silo; anafumba la pili.
"Hawa?"
"Hawa."
"Wadogo hivi?"
Ananyamaza, pumzi yake inatia ukungu kwenye lenzi,
anaifuta kwa pindo la fulana, anarudi tena kuinama.

Sijui aliona nini. Sikumuuliza.
Aliinua ndoo akashuka nayo majini,
mimi nikaandika saa, joto la maji, idadi,
nikatoa viazi sita kapuni, nikaviweka pale ndoo ilipokuwa.

Kome mmoja alikuwa amedondoka kizingitini.
Amefunua mdomo kidogo tu.
Hakusema.