Feleji Isiyotaka Maji

Niliinunua kwa kilo, Kibarani,
kwenye lundo la chakavu za kiwanda cha sufuria:
pini nene kama gumba la mguu,
nyeusi, nzito kupita umbo lake.
Dzombo wa mizani akanipunguzia shilingi kumi,
akasema, "Hii, fundi, itakutoa jasho."
Jasho! Changamwe hii, mwezi wa pili,
nani ana haja ya chuma kimtoe jasho?

Nilidhani ni springi iliyojitia ukubwa.
Springi ya lori ikishakuwa nyekundu
inalainika kama muhogo wa kuchemsha.
Wekundu wa hii ulikuwa uongo.
Nyundo ilirudi, na mkono wangu nao, hadi begani.
Fuawe ikalia kama mtu aliyetukanwa sokoni.
"Bado," akasema Nyevu, binti wa dada yangu, mvukutoni.
"Bado," nikakubali.

Makaa tena. Wekundu ukapita, ikaja rangi ya papai,
ikaja ya bizari, na hapo ndipo ilipokubali,
tena kwa mapigo sita tu.
La saba unapiga jiwe.
Sita, motoni. Sita, motoni.
Toka saa mbili hadi adhana ya adhuhuri
tukaivuta ncha kidogo kidogo
kama mtu anayedai deni kwa shemeji.

Tindo ikatoka. Bapa, mabega sawasawa.
Nikafanya alivyofanya baba miaka arobaini:
nikaitosa debeni.

Ti.

Sauti ndogo, kama kikombe kugusa kisahani.
Ufa ulianzia mdomoni ukashuka hadi kiunoni.

Vyuma vya baba vyote vilikunywa maji.
Majembe, mashoka, bawaba za milango ya Kibokoni,
vyote vilipiga mbizi katika debe hili hili,
vikatoka vigumu, vikatulisha,
vikanilipia karo mpaka darasa la saba.
Mimi ningejuaje kuna chuma
ambacho kukipa maji ni kukivunjia heshima?

Nikakaa juu ya gogo. Treni ya makontena ikapita nyuma ya ukuta,
koleo zote ubaoni zikagongana.
Nyevu hakusema pole. Alikata kipande kilichobaki,
akakitia motoni yeye mwenyewe.

Hiki tulikifua panchi.
Tulipomaliza nikaipasha mpaka rangi ya kiini cha yai la kienyeji,
nikaisimamisha baina ya matofali mawili, mlangoni,
pale upepo wa Kilindini unapopita bila hodi,
halafu nikafanya kazi ngumu kuliko zote za uhunzi:
nikakunja mikono.

"Sasa?"
"Sasa hewa."
"Hewa tu, mjomba?"
"Hewa tu."

Yai likawa papai. Papai likawa damu.
Damu ikawa kivuli, na kivuli kikawa chuma.
Mguu wangu wa kulia ulikuwa unalitazama debe.
Baadaye tukairudisha kwenye joto dogo, mara mbili,
kuitoa hasira na kuiachia ukali.

Alasiri tukaijaribu kwenye nyundo ya Nyevu,
nyundo yake ya kwanza, kichwa bila jicho.
Kichwa kikaiva. Akaweka panchi katikati, akapiga,
akaichomoa kabla haijanasa, akageuza.
Upande wa pili doa jeusi lilikuwa limejichora,
likimwonyesha: piga hapa.
Akapiga hapo.

Kikadondoka kidonge cha chuma, kikabingirika mchangani,
mviringo kamili, kama ile senti kumi ya zamani yenye tundu,
ila hiki kilikuwa tundu lenyewe.

Ncha ya panchi haikupinda.
Nyevu alikisubiri kidonge kipoe.
Hakukimwagia maji.