Ukurasa wa Kumi na Moja

Gazeti la picha lilikuja na lori la misheni,
chini ya magunia ya chumvi na mipira ya baiskeli.
Senti ishirini, au yai moja bichi
kwa katekista Meinradi, aliyeyanusa mayai kwanza
kama anayetafuta dhambi ndani yake.

Nakala moja, sisi saba, pale Mahuta,
vichwa vimegongana, na Shaweji wa chuoni katikati,
kofia ameikunja mfukoni,
kwa sababu yeye ndiye aliyejua kusoma upesi
na hakuna aliyeuliza hadithi ni ya dini gani.

Kila mraba na wingu lake la maneno.
Mtoto mwema, wingu jeupe.
Mtoto mwongo, mistari ya radi utosini,
na kabla hujageuza karatasi
ameshatumbukia kisimani.
Tukacheka. Kisima!
Huku juu maji tunayafuata bondeni,
alfajiri kushuka, jua kali kupanda.
Mwongo wa Mahuta angetembea sana
ili aadhibiwe.

Ukurasa wa kumi na moja alikaa mchawi.
Mwanamke. Ndonya mdomoni,
mashavu yamechanjwa mishale,
na mchoraji, sijui aliishi mji gani,
akamwongezea kucha, na nyoka shingoni.
Wingu lake jeusi, herufi nyeupe:
NITAWAMEZA WATOTO WENU.

Shaweji alisoma mpaka hapo, akakohoa.
Wote wakanitazama mimi.

Mishale ile niliijua kwa kidole.
Usiku wa mvua, nikiogopa,
niliipapasa gizani kwenye shavu la bibi:
mshale, mshale, nukta, mshale,
hadi usingizi unichukue.

Nililificha gazeti kwenye gunia la korosho.
Bibi Nambunga akalikuta, bila shaka;
korosho zilikuwa zake.
Akalishika mbali na macho, akaligusa lile shavu la wino.
“Huyu wa kwetu. Anasema nini?”

“Anasema,” nikameza mate,
“anasema, njooni wanangu, ming'oko imeiva.”

Nikangoja radi.
Bibi akaitazama picha kwa muda mrefu.
“Mdomo kaukosea,” akasema.
“Lakini maneno kayapatia.”
Akainuka kwenda kuepua sufuria.

Kesho yake nilishuka bondeni na ndoo.
Nikainama juu ya kisima, nikajiona,
nikasubiri kidogo,
nikateka maji.