Pua Kuelekea Bondeni

Asubuhi ya nne. Njombe imepauka kwa jalidi.
Nazungusha ufunguo: tik.
Tena: tik. Kama anayesonya.

Fundi Mligo kaja na koti la mkewe,
kasugua vichwa vya betri kwa msasa,
kabadili plagi, kanusa petroli,
kagonga stata kwa spana ya kumi na saba.
Ikaguna, ikanyamaza.
Magunia ya viazi yananitazama.

"Marehemu alikuwa akiiwashaje?"

Nikakumbuka. Miaka tisa
aliegesha pale juu, kwa kina Mgaya,
pua kuelekea bondeni,
nami nikiwatambia majirani
nina mume apendaye kutazama mawingu.

Tukaisukuma watu watano mpaka juu.
Nikaachia breki, gia ya pili, nikainua mguu:
ikakohoa, ikanguruma.

Kumbe stata ilikufa zamani,
mwongo wangu wee.